Maswali ya Wasomaji kwa Fundi: Seva inalia, kadi ya RAID imekufa, na bosi anataka kadi mbili

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja za kitu kimoja, sijui ni joto au ni nini, ila watu wengi wanalia na ile kadi inayokaa kati ya diski na seva (kompyuta kuu ya ofisi), kadi ya RAID, wengine mnaiita kontrola. Nimechagua maswali saba, nimeyafupisha, majina nimeyatoa kama kawaida yetu. Kwa mgeni wa safu hii: RAID ni kuzifunga diski kadhaa zifanye kazi kama moja ili moja ikifa data isipotee. Aina zake zina namba, RAID 5 ndo ile inayovumilia kifo cha diski moja tu. Waliolipatia jambo hilo jina ni Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, 1988, na ile herufi I ya RAID hapo zamani ilimaanisha diski za bei rahisi. Siku hizi wauzaji wanasema inamaanisha diski zinazojitegemea, nadhani mnajua kwa nini neno rahisi liliwashinda.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa shule ya sekondari huku Iringa, sio mtu wa kompyuta. Seva yetu ilianza kulia piii piii tangu Jumatatu, mwalimu wa kompyuta akaingia akaizima ile sauti na sasa kila kitu kinafanya kazi kama kawaida. Tuiache tu?

JIBU: Marahaba mama. Msiiache hata wiki. Ile sauti mara nyingi ni kadi inawaambia diski moja imekufa, na kila kitu kinaendelea kufanya kazi kwa sababu diski zilizobaki zinambebea marehemu mzigo wake. Sasa hivi mko bila akiba, ikifa nyingine tu matokeo ya wanafunzi yameondoka. Leo hii, kabla ya kugusa chochote, mwambie mwalimu anakili data yote kwenye diski ya nje, halafu ndo mtafute diski ya kubadilisha, ukubwa ule ule au zaidi, aina ile ile.

Na hapa nakuomba umsomee mwalimu haya kwa sauti. Makosa mengi ya RAID niliyoyaona hayakufanywa na diski, yalifanywa na mkono wa mtu aliyechomoa diski nzima akaiacha iliyokufa. Mimi mwenyewe nilishafanya, miaka ya mwanzo. Kadi iliniambia diski namba 2 imekufa, nikahesabu moja, mbili, nikachomoa, seva ikazimika papo hapo. Kumbe zile nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, namba 2 ni ya tatu! Ilinigharimu usiku mzima na sitasahau uso wa yule mzee mwenye ofisi. Kwa hiyo kabla ya kuchomoa nenda kwenye programu ya kadi, chagua diski iliyokufa, uiambie iwashe taa yake ya kupepesa, nenda kaiangalie kwa macho, soma namba ya kiwandani iliyobandikwa, linganisha na ile ya kwenye skrini, ndo uchomoe. Na ukishaweka mpya subiri. Diski ya TB 4 hata ikiandikwa mfululizo kwa MB 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa 7, na kama watu wanaendelea kuitumia seva inaweza kufika siku mbili.

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Morogoro, nahudumia SACCOS moja. Seva ina diski 4 za TB 4 kwenye RAID 5. Kadi imekufa kabisa, seva haiioni. Nimepata kadi iliyotumika ya aina ile ile. Rafiki yangu ananiambia nikiiweka itaniletea maneno ya "Foreign" na nikibonyeza vibaya kila kitu kinafutika. Nimeogopa, sijaifunga mpaka leo.

JIBU: Kaka umefanya la maana sana kuogopa. Wanaonipigia wengi wameshabonyeza.

Kwanza tulia, maana habari ni njema kuliko unavyodhani. Kwenye kadi nyingi za leo ule mpangilio, yaani nani yuko na nani na nani anaanza, hauandikwi kwenye kadi peke yake, unaandikwa kwenye kila diski. Kadi mpya inazisoma diski, inaona zina mpangilio ambao yenyewe haikuutengeneza, inasema hizi ni za kigeni, "Foreign". Hapo inakupa njia mbili, "Import", maana yake zikaribishe kama zilivyo, na "Clear", maana yake futa ule mpangilio. Na mtu aliyechoka saa 8 usiku akiona neno la kigeni anadhani ni uchafu, anafuta. Data yenyewe bado ipo kwenye diski lakini ramani imekwenda, na kuirudisha ni kazi ya wataalam na bili yake inaumiza.

Sasa fanya hivi. Zima seva, chomoa diski zote 4, kila moja ibandike karatasi yenye namba ya nafasi yake, 0, 1, 2, 3. Kadi nyingi zinaitambua diski hata ukiibadilishia nafasi lakini karatasi ni bure. Ifunge kadi bila diski hata moja, washa, ingia kwenye menyu yake. Ni kadi iliyotumika, inawezekana bado inakumbuka mpangilio wa mwenye nayo wa zamani, ufute sasa hivi, diski zikiwa mezani. Huu ndo wakati pekee wa "Clear" kuwa salama. Ukiwa hapo hapo angalia fimwea, yaani programu ya ndani ya kadi yenyewe, kama ni ya zamani kuliko ile ya kadi iliyokufa ipandishe kwanza, kadi yenye fimwea ya zamani inaweza kushindwa kusoma mpangilio ulioandikwa na mpya yake. Angalia na betri, nitaieleza swali linalofuata.

Kama una kompyuta nyingine ya kuunganishia hizo diski, na ni SACCOS, ni hela za watu hizi, ningenakili kila diski nzima nzima kwenda diski nyingine kabla ya kuendelea. Najua ni gharama. Najua pia wanachama hawatakuuliza gharama ya diski siku salio lao likiwa sifuri.

Halafu zima, rudisha diski, washa. Usikubali haraka, kadi nyingi zina sehemu ya kutazama huo mpangilio kabla ya kuukaribisha. Ukiona diski zote 4 na hali imeandikwa "Optimal", karibisha. Ukiona "Degraded", moja haipo au ilishatoka siku nyingi, inaweza kukaribishwa lakini tafuta kwanza ni ipi, maana diski iliyotoka miezi 6 iliyopita ina vitabu vya miezi 6 iliyopita na hutaki vichanganyike na vya leo. Ukiona "Failed", acha, zima, nitumie picha.

Ikikubali bado hujamaliza. Kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya kadi iliyokufa wakati inakufa, hakikuwahi kufika kwenye diski, kimekwenda nayo. Kwa hiyo kagua faili za mfumo, halafu kagua database, na risiti za dakika za mwisho za siku ile zilinganishwe na karatasi.

SWALI: Salaam aleikum. Sisi tuna duka la dawa Mombasa, seva ya mauzo. Kila baada ya miezi mitatu hivi siku moja inakuwa nzito ajabu, kutoa risiti moja unahesabu, baadaye jioni inarudi sawa. Wiki mbili hizi imekuwa nzito haijarudi. Fundi wetu anasema diski zimechoka tununue mpya zote.

JIBU: Waaleikum salaam. Msinunue diski bado. Hiyo miezi mitatu ndo imenipa jibu.

Kadi yenu ina kumbukumbu yake yenyewe, tunaita keshi, sio ile ya kwenye droo. Ukiuza dawa, programu inaiambia diski andika, na haisogei mpaka iambiwe imeandikwa. Diski ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika inachukua karibu milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja tu, na kwenye RAID 5 andiko dogo moja linataka kazi nne, isome data ya zamani, isome hesabu yake ya ulinzi, iandike data mpya, iandike hesabu mpya. Keshi inafupisha yote hayo, kadi inapokea andiko kwenye kumbukumbu, inajibu hapo hapo nimeshaandika, halafu inaenda kuandika kwenye diski kwa wakati wake. Ni uongo, lakini uongo wenye dhamana, na dhamana ni betri. Umeme ukikatika betri inashikilia ile kumbukumbu, kwa betri nzima tunasema saa 24 mpaka 72 kutegemea kadi, umeme ukirudi kadi inamalizia deni lake.

Sasa betri inazeeka, na kadi inataka kujua imezeeka kiasi gani, kwa hiyo kila baada ya muda, kwenye kadi nyingi za Dell PERC zenye betri ni siku 90, inaimaliza chaji yote na kuijaza tena ili kuipima. Kwa masaa yale betri haiaminiki, na kadi yenye adabu inaacha ule uongo, kila andiko linaenda mpaka kwenye diski ndo jibu linarudi. Hiyo ndo siku yenu nzito. Na kama sasa ni wiki mbili haijarudi basi nadhani betri imeshindwa mtihani moja kwa moja. Ingieni kwenye programu ya kadi, kwa Dell ni perccli, kwa LSI ni storcli, kwa HPE ni ssacli, muulize hali ya betri, na muangalie keshi iko kwenye "Write-Back", yaani ule uongo wenye dhamana, au imeshuka "Write-Through", yaani kuandika mpaka kwenye diski ndo ijibu. Mkikuta imeshuka na betri inasema ibadilishwe, mmelipata tatizo kwa bei ya betri. Mkiifungua mkakuta imevimba msiikandamize wala kuitoboa, ni lithiamu hiyo, inawaka.

Kuna jambo moja fundi wenu anaweza kulifanya, na ataonekana shujaa siku hiyo. Kuna sehemu ya kuilazimisha kadi ibaki kwenye "Write-Back" hata bila betri. Seva itaruka kama zamani. Halafu umeme ukatike mara moja, na Mombasa mnajua, mauzo yaliyokuwa kwenye kumbukumbu yanapotea na database inaweza kuharibika. Kataeni. Kama ule mtihani ndo unawasumbua mpange ufanyike usiku wa Jumapili, ratiba yake inabadilishika. Na siku mkinunua kadi mpya chukueni zile zisizotumia betri ya kushikilia, zina kapasita kubwa, umeme ukienda kapasita inatosha kumimina kumbukumbu yote kwenye flashi na humo inakaa bila kutegemea chaji ya siku ngapi.

SWALI: Naweza kutumia diski za kawaida za dukani kwenye RAID? Ni nusu ya bei. (Dodoma)

JIBU: Unaweza, utajuta. Diski ya nyumbani ikikuta sehemu mbovu inajikakamua kuisoma hata dakika nzima, maana inajua iko peke yake. Ya seva inajaribu kama sekunde 7 inasema imeshindwa, kadi inachukua data kwa wenzake. Kadi haisubiri dakika, inaihesabu ile diski imekufa na kuitoa nje, na wewe unapeleka dukani diski ambayo wakiipima ni nzima. Uliza pia kama ni SMR, zile ambazo njia za data zimelaliana kama vigae, zinateseka sana wakati wa kujaza diski mpya. Na usiamini neno la kwenye boksi tu, mwaka 2020 Western Digital walikiri baadhi ya WD Red zao, zilizouzwa kwa kazi hii hii, zilikuwa SMR.

SWALI: Kaka, diski mbili zimekufa ndani ya wiki moja, ya kwanza tumebadilisha, ikiwa inajijaza ikafa ya pili. Wenzangu ofisini wanasema kuna mkono wa mtu. Tulikuwa na RAID 5, sasa hatuna kitu. (Mwanza)

JIBU: Pole sana, na mkono wa mtu upo ila sio huo. Diski zote mlizinunua siku moja, duka moja, boksi moja, zimefanya kazi masaa yale yale kwenye joto lile lile. Kwa nini zisizeeke pamoja? Mwaka 2019 HPE walitangaza kuwa baadhi ya SSD zao, zile diski zisizo na kitu kinachozunguka, zina kosa la fimwea, zikifikisha masaa 32,768 ya kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na masaa 8, zinakufa na data haipatikani tena. Zidisha 2 kwa yenyewe mara 15 uone unapata namba gani. Aliyewasha seva yake na diski zote siku moja na hakupandisha fimwea, RAID ya aina gani ingemsaidia?

Kwenu nadhani ni kitu cha kawaida zaidi. Kujijaza upya ni kuzisoma diski zote zilizobaki kuanzia mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kona ambazo hakuna aliyezigusa miaka miwili. Diski nyingi za bei ya chini karatasi zake zinasema tegemea kosa moja lisilosomeka kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, ambayo ni kama TB 12.5. Zikiwa diski 4 za TB 4 unasoma TB 12. Kiuhalisia diski nyingi zinafanya vizuri kuliko karatasi yake, lakini umeona tulipo. Ndo maana kadi ina doria, inazunguka kuzisoma diski taratibu nyuma ya kazi ili kona mbovu igundulike wakati bado kuna wa kuirekebisha. Wengi wanaizima wakidhani inapunguza spidi. Iwasheni, na mkianza upya wekeni RAID 6 inayovumilia vifo viwili, mtapoteza ukubwa wa diski moja zaidi, basi.

Mmeniuliza mwishoni kama wataalam wa kurudisha data wanaweza. Wanaweza wakati mwingine, ila zimeni seva leo, na ile diski ya kwanza msiitupe.

SWALI: Bosi wangu hapa Nairobi amesoma mahali kuwa kontrola ikifa kila kitu kinasimama, anataka niweke kadi mbili kwenye seva ili moja ikifa nyingine ishike. Diski zetu ni SATA. Nimfanyie?

JIBU: Bosi ana hoja, njia ndo sio hiyo. SATA na SAS ni aina mbili za viunganishi vya diski. Diski ya SATA ina mlango mmoja, kadi mbili haziwezi kuishika zote. Diski ya SAS ina milango miwili, na ndo maana yale makabati ya nje ya diski yenye kontrola mbili yanapendelea SAS. Humo kila kontrola inazifikia diski zote kwa mlango wake, na keshi zao zinanakiliana, ukiiandikia hii na yule anajua, hii ikifa yule anajua deni lilipoishia. Upande wa seva unaweka kadi mbili za kawaida, waya mmoja kwa kila kontrola, na programu ya njia nyingi, kwenye Linux ni multipath, kwenye Windows ni MPIO, vinginevyo seva itaona diski moja kama mbili na hapo utalia.

Nimeyaona makabati haya ya mamilioni yamefungwa vizuri, kontrola mbili, pawasaplai mbili, na pawasaplai zote mbili zimechomekwa kwenye ekstensheni moja chini ya meza. Nimeona mengine fimwea za kontrola mbili zimepishana. Na kitu ambacho muuzaji hasemi, kontrola moja ikifa, kwenye makabati mengi iliyobaki inashuka spidi ya kuandika kwa sababu haina tena wa kunakiliana naye, kwa hiyo siku hiyo mtafanya kazi, ila mtaihisi.

Kwa seva moja yenye SATA ningemwambia bosi hivi: nunua kadi ya pili aina ile ile, fimwea ile ile, weka kabatini ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Kubadilisha ni saa moja kwa mtu aliyesoma jibu la Morogoro hapo juu. Kama saa moja ya kusimama ni hasara isiyovumilika hapo ndo kabati la kontrola mbili linaingia, na mkilinunua lijaribuni Jumapili kabla hamjaliamini, chomoa waya mmoja kazi ikiendelea uone. Watu wanalipa hela yote ile halafu wanaogopa kuchomoa.

SWALI: Nimefunga kadi ya RAID kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani kwa ajili ya gesti yetu, Zanzibar. Diski mbili kati ya nne hazionekani, na kadi inachemka huwezi kuishika. Ni mbovu?

JIBU: Kuchemka sio ubovu, ni umeitoa nyumbani kwao. Kadi hizi zimetengenezwa zikae kwenye boksi la seva lenye feni zinazosukuma upepo kutoka mbele kwenda nyuma muda wote, kwenye boksi la mezani hamna upepo pale chini. Funga feni ndogo iangalie yale mapezi ya bati juu ya chipu, uangalie joto lake kwenye programu kabla na baada. Na kwenu kuna chumvi ya bahari, ukisikia diski inapotea na kurudi, zima, chomoa kadi, angalia yale meno ya dhahabu kama yameweka ukungu, yafute taratibu kwa kitambaa laini na spiriti safi, acha yakauke.

Diski mbili kutoonekana naanza na waya. Ule waya wa kichwa kimoja kipana upande mmoja na vichwa vinne vya SATA upande mwingine upo wa aina mbili, wa kutoka kadi kwenda diski na wa kinyume chake, kwa macho zinafanana kabisa, ila huo wa kinyume ungekunyima diski zote nne, sio mbili. Kwa hiyo kwako ni vichwa viwili havijakaa au waya umekatika ndani. Badilishana vichwa, vya diski zinazoonekana viweke kwenye zisizoonekana, tatizo likihama na kichwa ni waya, likibaki na diski ni diski au umeme wake. Na nitumie picha ya sloti uliyoichomeka kadi, bodi nyingi za mezani zina sloti ndefu inayofanana na ya kadi kubwa lakini ndani ina njia 4 tu za data, kadi itafanya kazi ila haitafika mwendo wake wote na utakuja kuniuliza hilo mwezi ujao.